Geti Moja, Vyumba Vingi: Jinsi ya Kulinda Kompyuta na Simu za Biashara Yako

Ukishuka matatu pale Adams Arcade ukafuata Joseph Kang'ethe Road kuelekea Woodley, hebu hesabu biashara zilizo na kompyuta ndani. Kuna saiba inayojaza fomu za KRA na eCitizen. Kuna duka la dawa, kliniki ndogo, shule ya chekechea, fundi wa nguo anayepokea oda kwa WhatsApp, na ofisi ya chama yenye kompyuta moja ya mitumba. Karibu kila mahali utakuta simu mbili tatu juu ya kaunta, na ukutani kisanduku kidogo chenye taa zinazowaka na kuzima. Hiyo ndiyo rauta, inayoleta intaneti na kuigawa kwa vifaa vyote.

Wenye biashara hizi hawajiiti kampuni. Ukiwauliza juu ya usalama wa mtandao, watakwambia hayo ni mambo ya benki na serikali. "Mimi na duka langu hili, wakora watanitakia nini?"

Swali ni zuri, na linastahili jibu. Wakora wengi wa mtandao hawakutafuti wewe kwa jina. Wanatuma programu zinazogonga milango ya intaneti usiku na mchana, nchi zote, na kuingia palipo wazi. Na wakishaingia, vitu wanavyovikuta si vya mwenye duka peke yake. Saiba ina nakala za vitambulisho vya wateja, na mara nyingi kuna daftari lenye paswadi zao. Kliniki ina majina ya wagonjwa na magonjwa yao. Kompyuta ya chama inaonyesha nani ameweka akiba na nani anadaiwa. Hesabu hiyo ikipotea, hata kama pesa zenyewe ziko salama benki, wanachama wataanza kushukiana. Chama cha miaka kumi kinaweza kuvunjika kwa mwezi mmoja.

MTANDAO NI KAMA PLOTI

Vifaa viwili vikitumia rauta moja, huo tayari ni mtandao. Ili kuuelewa, fikiria ploti ya vyumba vya kupanga. Kuna geti moja linaloelekea barabarani, na ndani vyumba kumi. Wapangaji wanajuana. Mchana milango iko wazi, watu wanaazimana jiko na sufuria. Usalama wote umewekwa getini. Lakini mpangaji mmoja akimwingiza mgeni mbaya, basi mgeni huyo yuko ndani na anaweza kujaribu kila mlango.

Rauta ndiyo geti. Kompyuta, simu, printa na kamera za ulinzi ndivyo vyumba. Kwa kawaida rauta huwazuia wale wanaotaka kuingia kutoka nje bila kuitwa. Lakini vifaa vilivyo ndani huaminiana. Vinapeana faili, vinatumia printa moja, vinaonana. Kwa hivyo virusi vikiletwa na flashi ya mteja kwenye kompyuta ya pembeni, havikai pale pembeni. Vinaenda kutafuta kompyuta ya hesabu.

Jambo la kushika katika makala hii yote ni hili: kwenye mtandao mmoja, usalama wako ni ule wa kifaa kilicho dhaifu kuliko vyote.

YALIYOTOKEA MWAKA 2017

Tarehe 12 Mei 2017 programu mbaya iliyoitwa WannaCry ilianza kusambaa duniani. Ilizifunga faili za kompyuta kwa siri, kisha ikaandika kwenye skrini kwamba mwenyewe alipe kikombozi cha dola 300 ndipo afunguliwe. Kwa siku chache ilikuwa imeingia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi karibu 150. Kule Uingereza hospitali zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa, kwa sababu madaktari hawakuweza kufungua kompyuta zao.

WannaCry haikungoja mtu abofye kitu. Ilipita kwenye tundu moja la Windows, ikaruka kutoka kompyuta hadi kompyuta jirani. Na cha kusikitisha ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya tundu hilo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili mapema. Wengi hawakuwa wameiweka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwezi uliofuata, tarehe 27 Juni, ikaja nyingine iliyopewa jina NotPetya. Hii ilianzia Ukraine, ndani ya programu ya hesabu na kodi iliyotumiwa na biashara nyingi za huko. Ilitumia tundu lile lile, lakini ilikuwa na ujanja wa pili. Ikishaingia kompyuta moja, iliiba paswadi zilizokuwa ndani yake, ikazitumia kufungua kompyuta za jirani hata zile ambazo tundu lake lilikuwa limezibwa. Hapo ndipo unaona maana ya kifaa kimoja dhaifu kuangusha wote.

Kati ya waliopigwa ni Maersk, kampuni ya meli ya Denmark ambayo makontena yake tunayaona yakipanda kutoka Mombasa kila siku. Kampuni ililazimika kuweka upya kompyuta 45,000 na seva 4,000 kwa muda wa siku kumi hivi. Hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Sasa sikiliza walivyonusurika. Kila mtandao mkubwa una orodha inayosema nani ni nani na anaruhusiwa kufungua nini. Maersk walikuwa na nakala za orodha hiyo katika nchi nyingi, na nakala hizo zilikuwa zimeunganishwa pamoja. Zote zikafutika siku moja. Iliyobaki nzima ni moja tu, katika ofisi yao ya Ghana, kwa sababu stima ilikuwa imepotea na mashine ile ikawa nje ya mtandao wakati wa shambulio. Kupotea kwa stima, jambo tunalolilalamikia sisi sote, ndiko kulikookoa orodha ya kampuni kubwa namna ile. Kumbuka kisa hiki tutakapofika kwenye nakala za akiba.

TUANZE NA GETI: RAUTA

Rauta ina paswadi mbili, na watu wengi wanajua moja tu. Ya kwanza ni ile ya kuingilia waifai, ambayo unampa mfanyakazi. Ya pili ni ya kuingilia mipangilio ya rauta yenyewe. Hii ya pili mara nyingi huachwa vile ilivyotoka kiwandani, na za kiwandani zinajulikana dunia nzima. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai iliteka kamera na rauta nyingi sana kwa kujaribu orodha fupi tu ya paswadi za kiwandani. Wenye kamera hizo hawakujua kwamba vifaa vyao vilikuwa vinatumiwa kuwapiga watu wengine. Basi fanya hivi:

1. Mwambie fundi aliyekuwekea intaneti akuonyeshe mahali pa kubadilisha paswadi zote mbili, halafu uzibadilishe wewe mwenyewe fundi akishaondoka. Kamera za ulinzi nazo ni hivyo hivyo.

2. Fungua waifai ya wageni. Rauta nyingi za siku hizi zinaweza kutoa waifai mbili, yenu na ya wageni. Wateja, watoto na simu za marafiki ziende kwa ile ya wageni. Ni kama kuwajengea wageni banda nje ya ploti: wanapata kivuli, lakini hawapiti mbele ya milango yenu. Kompyuta ya hesabu na simu ya till zisiwahi kuchanganyika na wateja.

3. Kwenye mipangilio chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ule wa zamani uitwao WEP ulishavunjwa kitambo.

4. Mfanyakazi akiacha kazi, hata kama mmeachana kwa amani, badilisha paswadi siku hiyo hiyo. Si kumshuku. Ni kama vile angerudisha ufunguo wa duka.

VYUMBA: KOMPYUTA

Kazi ya kwanza ni masasisho. Windows ikikuambia ina sasisho, usiiahirishe mwezi mzima. Kama bando ni shida, panga siku moja kwa wiki, jioni baada ya kazi. Ni kweli NotPetya ilipitia sasisho lililotiwa sumu, lakini jambo hilo ni nadra. Wanaoumia kwa kukosa masasisho ni wengi zaidi.

Hapa wenye kompyuta za mitumba wasikie vizuri. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za mitumba hazikidhi masharti ya Windows 11. Je, utupe mashine? La. Unaweza kuwekewa Linux, ambayo ni ya bure na inaendelea kupata masasisho. Fundi yeyote mzuri anaijua. Ama kompyuta hiyo uiweke kwa kazi ya kuandika tu, bila kuiunganisha na mtandao.

La pili, jihadhari na programu za wizi, zile zilizovunjwa kufuli. Unaambiwa uzime kinga ya virusi kwanza ndipo programu ikubali kuingia. Mtu anayekuambia umfunge mbwa kabla hajaingia boma lako, wewe utamwamini? Kama pesa za kununua Office hazipo, LibreOffice ni ya bure na inafungua faili zile zile. Na kinga ya virusi inayokuja ndani ya Windows inatosha kwa duka dogo, mradi isizimwe.

La tatu, kompyuta moja iwe na akaunti mbili: ya msimamizi, inayoweza kuweka programu mpya, na ya kawaida, ya kufanyia kazi kila siku. Kijana wa kaunta atumie ya kawaida. Akibofya kitu kibaya, madhara yatakuwa na mpaka.

La nne ni la saiba hasa. Flashi za wateja ndizo mlango mkubwa wa virusi. Tenga kompyuta moja ya kuchapishia kazi za wateja, uiweke kwenye ile waifai ya wageni, na isiwe na faili zako hata moja. Flashi isiguse kompyuta nyingine. Lile daftari la paswadi za wateja nalo liishe. Mteja aandike paswadi yake mwenyewe, na atoke kwenye akaunti kabla hajaamka kitini. Nakala ya kitambulisho ikishatumika, ifute.

SIMU: POCHI NA OFISI PAMOJA

Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, simu imekuwa pochi. Siku hizi ni ofisi pia, maana barua pepe, WhatsApp ya biashara na picha za risiti zote zimo. Simu ikinyakuliwa ukiwa stejini Ngong Road, mwizi hana haja na bei ya simu peke yake.

Funga skrini kwa namba ya siri au alama ya kidole. Namba hiyo isifanane na PIN ya M-Pesa. Weka pia PIN kwenye laini yenyewe, ili mwizi asiitoe na kuiweka kwenye simu nyingine ili apokee ujumbe wako. Programu zipakue kutoka duka rasmi la simu, si kutoka kwa kiungo ulichotumiwa. Ukipokea ujumbe unaosema umeshinda mkopo, pakua hapa, hiyo ni ndoana.

Kuhusu pesa, usitoe bidhaa kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja, wala kwa kusoma haraka ujumbe ulioingia kwako. Ujumbe wa uongo unaandikwa ukafanana kabisa na wa kweli. Angalia salio au orodha ya malipo ya till yako mwenyewe. Mteja mwaminifu atangoja dakika moja.

Na ukipigiwa na anayejiita mhudumu wa Safaricom, kumbuka kampuni hiyo imewatangazia wateja wake kwamba huwapigia kwa namba 0722 000 000. Hata hivyo, hakuna mhudumu wa kweli atakayekuomba PIN, kwa namba yoyote ile. Piga pia *106# mara kwa mara uone ni laini ngapi za Safaricom zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Laini yako ikikosa mtandao ghafla huku za wenzako ziko sawa, usingoje kesho. Inawezekana mtu ameisajili upya kwa jina lako. Azima simu, upigie kampuni yako mara moja wafunge laini na akaunti ya pesa.

NAKALA YA AKIBA: SOMO LA GHANA

Watu wengi wananunua diski ya nje, wanaichomeka kwenye kompyuta, na kuiacha hapo mwaka mzima. Wanadhani wana nakala. Programu ya kikombozi ikija, itaifunga kompyuta na diski hiyo pamoja, kwa maana zote ziko kwenye ploti moja. Nakala inayokuokoa ni ile iliyochomolewa.

Mafundi wana kanuni rahisi ya 3, 2, 1: uwe na nakala tatu za kazi yako, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Kwa chama kidogo inaweza kuwa hivi. Hesabu zenyewe ziko kwenye kompyuta. Kila Ijumaa katibu anazinakili kwenye diski, anaichomoa, na mweka hazina anaenda nayo nyumbani. Nakala ya tatu inawekwa kwenye hifadhi ya intaneti kama Google Drive. Ofisi ikiungua, ikivunjwa, au ikitekwa, hesabu zipo.

Halafu mara moja kila miezi mitatu, jaribuni kuifungua ile nakala kwenye kompyuta nyingine. Nakala isiyojaribiwa ni kama mtungi wa kuzima moto ambao hakuna aliyeukagua.

SAHIHI MBILI

Wanachama wa vyama hawahitaji kufundishwa jambo hili. Pesa za chama benki hazitoki kwa sahihi ya mtu mmoja. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanatiana nguvu na kuchungana. Basi fanyeni hivyo hivyo kwenye mtandao. Barua pepe na WhatsApp zina uthibitisho wa hatua mbili: mtu akiwa na paswadi peke yake hawezi kuingia, lazima awe na namba ya siri ya pili. Uwashe leo, ni kazi ya dakika tano.

Na malipo pia yawe na hatua mbili. Ukipata barua pepe kwamba msambazaji wako amebadilisha akaunti ya benki, usilipe kabla hujampigia kwa namba yake ya zamani unayoijua, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Wizi wa namna hii hauhitaji virusi vyovyote. Unahitaji tu mtu mwenye haraka.

Paswadi nayo iwe ndefu. Maneno manne yasiyohusiana, unayoyakumbuka wewe tu, yana nguvu kuliko jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa. Na usitumie paswadi moja kila mahali, maana mmoja akiivunja atakuwa amefungua nyumba nzima.

IKISHATOKEA, UFANYE NINI?

Kwanza, chomoa. Toa waya wa mtandao, zima waifai ya kompyuta iliyoshikwa, na uzime rauta. Hivyo unafunga milango ya vyumba vingine. Pili, usikimbilie kulipa kikombozi. Hakuna anayekuhakikishia kwamba utafunguliwa. Tatu, ukitumia kifaa kingine kilicho salama, badilisha paswadi, ukianza na ya barua pepe, kwa sababu kupitia hiyo nyingine zote hubadilishwa. Nne, piga picha ya skrini na uandike saa na kilichotokea.

Kisha toa taarifa. Kituo cha taifa cha kushughulikia mashambulio ya mtandao kiko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, Waiyaki Way, na makosa yenyewe yanachunguzwa na DCI. Kuingia kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, na adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria hiyo inamtaka mwenye mtandao atoe taarifa ya shambulio ndani ya saa 24.

Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Habari za wateja zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Duka dogo linaweza kusamehewa kujiandikisha kwa Kamishna, lakini halijasamehewa kutunza habari za watu. Na hata bila sheria, mama aliyekuachia nakala ya kitambulisho chake ana haki ya kuambiwa ukweli mapema, ili ajilinde kabla jina lake halijatumiwa kukopea.

Ndugu msomaji, usiogope wingi wa mambo haya. Kama wiki hii una nafasi ya kufanya matatu tu, yawe haya: badilisha paswadi ya mipangilio ya rauta, watenge wateja kwenye waifai yao, na uchukue nakala moja ya hesabu zako, uichomoe, uipeleke nyumbani. Hayo mawili ya kwanza ni ya bure, na la tatu linahitaji diski au flashi moja tu. Wiki ijayo ongeza masasisho na hatua mbili. Kisha mwonyeshe jirani wa duka la pili, hasa kama mnachangia intaneti moja. Hapo mko ploti moja, na mlango wake ukiwa wazi, hata wewe umelala nje.